Shashi ya Kumi na Tano

Insaf Abdel-Maqsud alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza akiwa amesimama wima. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya hisani mjini Damanhuri: yule anayesimama ubavuni mwa meza ya vyombo, anayemtia daktari koleo mkononi kabla daktari hajafungua mdomo, na anayejua wakati wote ni vitu vingapi vimeingia tumboni mwa mgonjwa na vingapi vimetoka. Madaktari wageni waliokuja kutoka Aleksandria waliambiwa mlangoni, "Ukiwa na Sista Insaf wewe shona tu. Hesabu mwachie mwenyewe."

Kisha joto likaanza.

Lilianza mwezi wa Januari, hata mwanzoni alidhani ni homa. Lilipanda kutoka kifuani kama mtu amemmiminia maji ya moto chini ya ngozi, likashika shingo, likashika masikio, likafika hadi kwenye mizizi ya nywele. Lilikaa dakika tatu, nne, kisha likaondoka na kumwacha amelowa, baridi inamtafuna. Nyumbani alifungua madirisha wakati mtaa mzima umejifunika mablanketi mawili mawili. Mumewe Shawqi, karani wa stesheni ya treni, alihamia kwenye kochi la sebuleni.

"Mama Hoda," alimwambia asubuhi moja, anakunywa chai na koti mwilini, "hivi sisi foleni ya mkate tunapanga ya nini? Tukubandike unga mgongoni tu, tutalisha mtaa."

"Na wewe utakuwa unageuza mikate?"

"Mimi nitakaa kwenye kasha la fedha."

Insaf alicheka. Siku hizo bado kicheko kilikuwa karibu.

Kilichomnyima kicheko ni maneno. Yalianza kumtoroka. Siku moja alikuwa na koleo mkononi, anaujua uzito wake, anaijua kazi yake, ameshalitoa kwa madaktari mara elfu kumi, na jina lake halimjii. Akamwambia mwenzake, "Niletee jingine kama hili, la... la kubania." Mwenzake alidhani ni mzaha. Usingizi nao ulikuwa wa vipande vipande. Hedhi ilimjia mara mbili kwa mwezi mmoja kama bomba lililokatika, kisha ikapotea miezi miwili, kisha ikarudi kwa vishindo. Alipanda ngazi za hospitali akishika ukuta, na akasikia moyo unampiga masikioni.

Alimwendea daktari wa wanawake wa hospitali hiyohiyo, akamkuta kwenye korido, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hawakukaa hata chini.

"Sista, wewe ni mtu wa tiba, mimi nikufundishe nini?" daktari alisema. "Ni ule umri. Kunywa chai ya anisi, punguza kahawa, mshukuru Mungu umezaa na umemaliza."

"Hakuna dawa, Daktari?"

"Dawa ipo. Inaleta saratani. Unaitaka saratani?"

Hakuitaka. Akashukuru, akarudi kazini. Ule umri kwa Kiarabu chetu una jina, na jina lenyewe ni tusi: umri wa kukata tamaa. Nani atasimama mbele ya wanaume wa kazini aseme, jamani, mimi nimefika kwenye kukata tamaa? Insaf alifunga mdomo, akawa anabeba leso tatu mfukoni, na akawa anahesabu kila kitu mara mbili.

Isipokuwa Jumanne moja ya mwezi wa Juni.

Mgonjwa wa asubuhi hiyo alikuwa mama mmoja wa miaka thelathini na moja aitwaye Sawsan, mke wa muuza jibini, amekuja kuzalishwa mtoto wa tatu kwa kupasuliwa. Alichomwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Pazia la kijani limewekwa kifuani pake asione kinachotendeka tumboni, lakini masikio yake yakiwa wazi. Aliyemchoma sindano, Daktari Girgis, mtu mpole mwenye mvi, alikaa kichwani pake akimsemesha habari za jibini. Aliyeshika kisu ni Daktari Lutfi Sarhan, mkuu wa upasuaji, mwenye mikono myepesi na ulimi mkali. Na muuguzi wa kuzunguka, yule asiyevaa glavu, anayefungua pakiti na kuandika hesabu ubaoni, alikuwa Nahla, mama wa watoto wawili, aliyefanya kazi na Insaf miaka minane.

Mtoto alitoka saa nne na dakika kumi, msichana, akalia kwa hasira. Sawsan akacheka na kulia pamoja. Halafu damu ikaja.

Kizazi kilikuwa kimelegea, hakitaki kujikaza. Shashi kumi za kwanza, vile vitambaa vikubwa vya kufyonza damu, zililowa papo hapo.

"Shashi!" Lutfi alisema.

Nahla akapasua pakiti ya tatu. Kanuni ni kwamba Insaf azitenganishe mojamoja, azihesabu kwa sauti, Nahla aone kwa macho yake, ndipo aandike. Dakika hiyohiyo joto likampanda. Juu yake taa; mwilini joho zito la kijani lililofungwa hadi shingoni; usoni barakoa. Kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kimoja, na kilielekezwa mgongoni kwa daktari. Jasho likamwingia jicho la kulia, likawaka kama limetiwa chumvi, na mkono wenye glavu hauruhusiwi kugusa uso.

"Shashi, mnangoja nini? Mmelala?"

Insaf akaikamata pakiti nzima, akaiweka mezani, akasema, "Tano."

Nahla akaandika kumi na tano.

Baada ya robo saa damu ilisimama. Lutfi alishusha mabega, akaomba uzi wa kufungia. Insaf akaanza kuhesabu. Zilizotumika zilitandazwa tano tano kwenye sakafu juu ya plastiki, Nahla akizigusa kwa koleo refu.

Kumi na nne.

Wakarudia. Kumi na nne. Nahla akapiga magoti chini ya meza, akapekua ndoo, akafunua mashuka, akamwomba daktari ainue mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Kumi na nne.

"Daktari," Insaf alisema, "shashi moja haijaonekana."

"Tumboni hamna. Nimepitisha mkono."

"Naomba upitishe tena."

Alipitisha tena, kwa pupa, midomo imebanwa nyuma ya barakoa. "Hamna. Uzi."

Insaf alikuwa na uzi mkononi. Hakuutoa. Akaitafuta ile dakika ya pakiti ya tatu kichwani mwake, ajione akizitenganisha, moja, mbili, tatu, akakuta pamefutwa. Hapakuwa na vidole, palikuwa na mdomo tu unaosema tano. Kijasho chembamba kikamtiririka mgongoni, na hiki hakikuwa cha umri.

"Siwezi kukupa uzi, Daktari. Hesabu haijakaa sawa."

"Hesabu yako au yangu? Mimi nimeangalia kwa mkono huu."

"Yangu. Sina uhakika na hesabu yangu. Ndiyo maana nasema usifunge. Tuite eksirei."

Lutfi akamgeukia.

"Huna uhakika," Lutfi alisema taratibu. "Umri umekupanda kichwani, Sista, umesahau umefungua ngapi, halafu mimi nimwache mtu wazi hapa kwa ajili ya usahaulifu wako?"

"Ndiyo."

Nyuma ya pazia sauti ya Sawsan ikatoka, nyembamba. "Kuna nini? Mmeniachia nini tumboni?"

Girgis alimwangalia Lutfi, Lutfi akaangalia saa ya ukutani. Insaf akainama kidogo kuelekea pazia.

"Mama, ni mimi, muuguzi. Mtoto wako mzima, wewe mzima. Kuna kitambaa kimoja sijakiona, na sitaki ushonwe mpaka nijue kiko wapi. Umenisikia?"

"Kiko ndani yangu?"

"Sijui. Ndiyo maana tunangoja picha."

"Sista," Girgis alisema kwa sauti ya chini, "dawa ya mgongo ina dakika thelathini, labda thelathini na tano. Ikiisha atasikia kila kitu, itanibidi nimlaze kabisa, na amepoteza damu."

Eksirei ya kusukuma ilikuwa ghorofa ya chini, na lifti ilikuwa imekwama tangu Jumapili. Wahudumu wanne waliipandisha kwa ngazi, na mle ndani walisikia magurudumu yakigonga kila kidato. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Lutfi alisimama amekunja mikono juu ya shuka. Sawsan alikuwa anasoma Ayatul Kursi, anafika katikati anasahau, anaanza upya. Girgis, Mkristo, akawa anamkumbusha neno linalofuata, maana ameisikia kwa wagonjwa miaka yote.

Dakika ya ishirini na tano Sawsan akasema, "Vidole vya mguu vinanichoma."

"Mashine inakuja," Girgis akasema. "Jamani, ganzi inaisha."

Picha ilipigwa dakika ya ishirini na nane. Kila shashi ina uzi mwembamba unaong'aa kwenye picha. Tumboni mwa Sawsan hamkuwa na uzi wowote. Lutfi aliitazama picha dhidi ya taa, kisha akamgeukia Insaf na kunyoosha mkono.

"Sasa nipe. Asante sana, Sista. Umetutafutisha ndoto nusu saa nzima."

Alishona mbio. Kuelekea mwisho Sawsan alikuwa akiguna kwa kila sindano, na Insaf akakata uzi akijisikia kila mguno unamkata yeye.

Mchana uleule Nahla alishuka stoo, akafungua pakiti zote za lile boksi, moja baada ya moja. Ya saba ilikuwa na shashi nne. Alipanda ngazi mbio, akamkuta Insaf ofisini kwa Metroni Tahani, msimamizi wa wauguzi wote, mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye kola yake haikuwahi kuonekana na mkunjo.

"Tumepona!" Nahla alihema. "Kiwanda kimekosea! Na yetu nayo ilitoka na nne tangu mwanzo!"

Tahani aliichukua pakiti, akaihesabu, akavuta pumzi. "Alhamdulillahi. Andika hivyo, Insaf. Pakiti ilikuwa pungufu, wewe ukasimamia kanuni, ukamlinda mgonjwa. Utapewa hata cheti."

"Ningeihesabu ningejua iko pungufu kabla haijafika mezani. Mgonjwa asingekaa wazi hata dakika moja."

"Nani anajua kama hukuihesabu?"

"Mimi."

Tahani alimpa Nahla ishara atoke, akafunga mlango mwenyewe. "Nisikilize, mdogo wangu. Ripoti hii inasomwa na wanaume watatu. Ukiandika habari za joto, sijui jasho, sijui usingizi, wallahi haitakuwa ripoti yako tena, itakuwa ya kila mwanamke aliyevuka arobaini na tano hapa. Kesho watasema wote tuondoke. Wewe meza tu. Sisi wote tumemeza."

Insaf alifungua mlango. Alitoka, akapanda wodini kumwona Sawsan.

Alimkuta amelala upande, mtoto kwenye titi, na mama mkwe wake, Hajati Bahiyya wa shamba, ameketi sakafuni kwenye mkeka wake mwenyewe kwa sababu kiti cha hospitali hakiamini. Insaf alisema alichokuja kusema, amesimama: kwamba pakiti ilikuwa pungufu, lakini yeye ndiye hakuihesabu, na yale maumivu ya mwisho yametoka kwake.

Sawsan alimvuta mtoto karibu. "Niliogopa sana," alisema. "Nilidhani nitakufa mnanigombania." Machozi yakamtoka, akageuza uso. Hakusema amesamehe.

Hajati ndiye aliyeuliza, "Kwa nini hukuhesabu, mwanangu?"

"Joto lilinipanda, Hajati. La umri."

"Aa." Bibi akatikisa kichwa. "Mimi lilinishika mavuno ya pamba. Nilikuwa natupa mtandio, nakimbilia mferejini, najitosa na nguo. Wakasema ana jini. Wakaniletea ngoma siku tatu, wakanichinjia kuku mweusi, wakanizungusha mpaka nikaanguka." Akaguna. "Jini hakutoka. Kuku walimla wao."

Sawsan alicheka kidogo, akajishika mshono kwa uchungu. Insaf aliteremka ngazi akiwa ameshakata shauri.

Kamati ya kuchunguza tukio ilikaa Alhamisi: mkurugenzi, Bwana Ezzat, ambaye si daktari bali mtu wa utawala, Daktari Lutfi, na Daktari Girgis. Metroni Tahani aliandika muhtasari. Insaf aliomba asome ripoti yake mwenyewe, akailaza karatasi juu ya meza.

"'Pakiti ya tatu sikuihesabu,'" alisoma. "'Nilitamka tano bila kutenganisha. Dakika hiyo nilipatwa na joto la ghafla linalotokana na kukaribia kukoma hedhi, jasho likaniingia jichoni. Nimekuwa na hali hii miezi sita. Silali vizuri. Nilikwenda kwa daktari wa hapa sikupata tiba. Sikumwambia msimamizi wangu, na hilo ni kosa langu. Kukataa kutoa uzi halikuwa kosa, na likitokea tena nitakataa tena.'"

Kalamu ya Tahani ilisimama. Bwana Ezzat akajikuna kidevu, macho dirishani, kama mtu aliyefumania mtu bafuni.

"Sasa tufanyeje?" Lutfi alisema. "Chumba cha upasuaji tukihamishie kwenye barafu? Mimi nina miaka hamsini na nane, goti limekwisha, mgongo umekwisha, nimewahi kuja hapa nikawasomea habari za goti langu?"

"Goti lako likikuuma, Daktari, unaletewa kiti," Insaf alisema. Hakupandisha sauti. "Kiti hicho nakiweka mimi. Sijawahi kukwambia umri umekupanda magotini."

Girgis alikohoa ndani ya mkono wake. Lutfi uso ulimwiva.

"Mtu anayekiri mwenyewe kichwa chake hakimtoshi hawezi kusimama mezani kwangu. Ama yeye, ama mimi."

Na kwa kuwa daktari wa upasuaji ni wa kutafutwa kwa tochi na muuguzi hatafutwi, Insaf alihamishwa siku hiyohiyo, "kwa muda", kwenye chumba cha kuchemshia vyombo. Nahla alipoliona tangazo ubaoni alipiga yowe dogo. Mtu anayeteswa na joto wamempeleka kwenye mashine za mvuke.

Wiki tatu za kwanza kule zilimtesa. Mashine zilipofunguliwa mvuke ulimpiga usoni, na joto la nje likakutana na la ndani, mara mbili akajikuta ameketi sakafuni bila kujua amefikaje. Alianza kuandika barua ya kuacha kazi. Aliandika salamu na tarehe, akashindwa kuendelea, akaikunja ndani ya mkoba.

Lakini habari za ripoti zilikuwa zimeshazunguka. Kwanza alikuja mama wa kufulia, akisingizia kuleta mataulo. Alizungukazunguka, kisha akauliza, kwa kunong'ona, kama ni kweli ameyasoma yale mbele ya wanaume. Halafu karani wa mapokezi, anayebadilisha blauzi chooni mara mbili kwa siku. Halafu mpishi. Wote walikuja wakiwa na kisingizio mkononi, bakuli, funguo, fomu, na wote waliuliza, "Na wewe unafanyaje?" Na Insaf hakuwa na la kuwajibu, na hilo lilimuuma kuliko mvuke.

Wiki ya tatu, Metroni Tahani alikuja. Hakuwa na kisingizio. Alimkuta Insaf kainamia ndoo, uso mweupe kama shuka, akamkalisha, akamwekea kikaratasi gotini. Kilikuwa na jina la Daktari Samah Zahran na anwani ya kliniki Aleksandria.

"Ni daktari wa mambo haya hasa," Tahani alisema. "Amenitibu mimi. Mwaka wa nne sasa."

Insaf aliisoma karatasi, kisha akainua macho. "Mwaka wa nne."

"Kila baada ya miezi mitatu. Nyumbani na hapa nasema naenda kwa dada yangu."

"Tahani. Uliniona napanda ngazi nimeshika ukuta. Ulijua ni nini, ukajua na pa kwenda, ukaniambia nimeze?"

"Niliogopa."

"Mimi je? Yule binti aliyekuwa wazi mezani je?"

Tahani aligusa kola yake. Ile kola nadhifu ilikuwa imelegea kwa mvuke. "Nimekuja kukwambia nitakwenda nawe. Kama bado unataka nitoke mlango huu, nitatoka."

Mashine ikapiga kengele, Insaf akaizima. "Treni ni saa ngapi?" aliuliza.

Daktari Samah alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, na kitu cha kwanza alichofanya ni kusogeza kiti. Aliuliza maswali dakika arobaini: hedhi, usingizi, moyo, mama yake alikoma lini, nani katika ukoo ana saratani ya titi, nani damu yake iliwahi kuganda mishipani. Alimpima presha na matiti, akatoa damu. Majibu yalipokuja alimwonyesha kwa kidole.

"Unaona hapa? Wingi wa damu yako ni wa mtu aliyejeruhiwa. Umekuwa ukivuja miezi sita na hakuna aliyekupima. Mtu yeyote mwenye damu hii na usingizi huo atasahau jina la mamake. Kichwa chako hakina ugonjwa, Sista."

Insaf alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Kuhusu homoni, Samah hakumtia hofu wala hakumfichia. Alimweleza ni nani hazimfai, hatari ni ipi na ina ukubwa gani, na kwamba kwa mtu mwenye kizazi zinatolewa mbili pamoja, si moja. Akampeleka kwanza picha ya matiti na ya kizazi. Akamwandikia vidonge vya chuma, na baada ya picha kurudi safi, jeli ya kupaka mkononi na kidonge cha kumeza anapolala. "Jaribu miezi mitatu," alisema. "Ukiona haikufai, kuna njia nyingine. Lakini usirudi kwenye anisi."

Haikuwa miujiza. Wiki ya pili matiti yalimuuma, akataka kuacha. Wiki ya tano alilala saa sita mfululizo, akaamka kwa hofu akidhani amekufa.

Ile barua ya kuacha kazi hakuimalizia. Aliandika nyingine, pamoja na Tahani na Nahla, wakiketi jikoni kwa Insaf na sahani ya mlenda wa molokhia ikipoa katikati yao. Iliomba mambo manne. Hakuna shashi kufika mkononi mwa daktari kabla wauguzi wawili hawajaitenganisha na kuihesabu, hata daktari akipiga kelele. Mtu yeyote wa chumba cha upasuaji aweze kuomba kupokewa zamu dakika kumi bila kuulizwa sababu. Maji ya baridi na kiyoyozi cha pili. Majoho mepesi. Chini palikuwa na sahihi ishirini na tatu, ya kwanza ikiwa ya Metroni Tahani Abu-Zeid, kwa herufi kubwa.

Bwana Ezzat aliikataa ya nne kwa sababu ya bajeti, na ya tatu akaikubali nusu: maji. Mbili za kwanza angezipitisha, alisema, kama madaktari wataridhia. Girgis alitia sahihi palepale. Lutfi aliikalia karatasi siku tisa. Mwishowe aliitia sahihi, inasemekana kwa sababu muuguzi waliyempa badala ya Insaf alimpa mkasi usio wake mara tatu katika upasuaji mmoja. Wengine wanasema aliisoma tena ile ripoti. Yeye mwenyewe hakusema kitu.

Insaf alirudi mezani mwezi wa Oktoba, baada ya miezi minne kasoro. Mgonjwa alikuwa mzee mwenye uvimbe wa utumbo, kazi ya saa nne. Lutfi aliingia, mikono juu ikichuruzika maji, akamwona, akatikisa kichwa mara moja tu kama anavyosalimia ukuta.

Saa ya pili joto likaja. Lilikuwa jepesi kuliko la zamani, lakini lilikuwa lenyewe. Shingo ikawaka. Moyo wake ulidunda kwa sababu nyingine kabisa: utumbo ulikuwa wazi, Lutfi alikuwa amefika mahali pagumu, na neno alilotakiwa kusema halijawahi kusemwa na mtu yeyote ndani ya chumba kile.

"Naomba kupokewa," alisema.

Lutfi aliinua macho. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Daktari."

Girgis, kichwani pa mgonjwa, alikuwa ameacha kuandika. Nahla, aliyekuwa zamu ya akiba, ameshanawa, alikuwa tayari anavalishwa joho mlangoni. Alikuja akasimama bega kwa bega na Insaf, wakaanza, vidole vinne juu ya meza, sauti mbili kwa pamoja: koleo, mikasi, sindano, shashi mojamoja mpaka ya mwisho. Ilichukua dakika moja na nusu. Lutfi alingoja, mikono imelala juu ya shuka, anapumua kwa nguvu puani.

Insaf alitoka, akafungua vifungo vya shingo, akatia uso chini ya bomba na kuuacha hapo. Alikunywa maji glasi mbili, akanawa upya mikono mpaka viwikoni, akavaa, akarudi. Wakahesabu tena, wote wawili.

"Mkasi," Lutfi alisema.

Alikuwa nao mkononi tayari.

Upasuaji ulikwisha saa nane kasoro robo, na hesabu ikakaa sawa. Lutfi alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo, akatoka bila kumuaga mtu. Insaf hakungoja neno lake. Alikuwa na mgonjwa mwingine saa tisa, na kabla ya hapo alitaka kula.